Kwa Nini LSAT Haikaririki, na Wenzako wa Mtandaoni Wanafaa Wapi

Kwa kijana wa Dodoma au Kisumu anayeutaka uwakili, njia inajulikana. Anamaliza sekondari, matokeo yakimruhusu anaomba LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, kisha anapitia Law School of Tanzania au Kenya School of Law kabla ya kuapishwa. Marekani mambo yamepangwa vingine. Huko sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na haijalishi shahada hiyo ni ya uuguzi, uhasibu au muziki. Ukiwa nayo ndipo unaomba JD, shahada ya sheria ya huko, ambayo ni miaka mitatu zaidi. Katikati ya shahada hizo mbili kuna mtihani uitwao LSAT, na vyuo vingi vya Kanada vinavyofundisha sheria kwa Kiingereza navyo huutaka. Siku hizi vyuo kadhaa vya Marekani hupokea pia GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu, Chuo Kikuu cha Arizona kikiwa kimefungua mlango huo mwaka 2016, lakini LSAT bado ndiyo njia ya wengi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea, maana inaokoa pesa. Mwanasheria aliyekwisha kupata LLB Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na sasa anataka kwenda kusoma LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, Marekani, kwa kawaida haulizwi LSAT. Anaulizwa matokeo yake ya chuo na, mara nyingi, ushahidi kwamba Kiingereza anakimudu. LSAT ni ya JD. Kwa hiyo miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, wanaokutana nayo ni hasa wale waliokulia au kuhamia huko: kijana wa familia ya Kikongo aliyeko Dallas, Mkenya wa Minneapolis, Mtanzania wa Toronto. Aghalabu ni wa kwanza katika ukoo kuugusa mtihani huu. Nyumbani hakuna mjomba wa kumuuliza, kazini hakuna aliyeufanya, na kozi za kulipia zina bei ya kutisha. Ndipo anapoingia mtandaoni kutafuta wenzake.

Wenzake hao wanaweza kumsaidia sana. Wanaweza pia kumpotezea miezi. Ili kuona tofauti inatoka wapi, lazima kwanza tujue mtihani wenyewe unapima nini.

LSAT haiulizi sheria hata kidogo. Huulizwi katiba, wala mikataba, wala jinai. Unapewa hoja fupi ya mistari michache, huenda ikawa ya dinosaria, ya bei ya ngano au ya mchoraji aliyekufa zamani, kisha unaulizwa: imekosea wapi? Imeegemea jambo gani ambalo mwandishi hakulisema? Taarifa ipi kati ya hizi tano ingeidhoofisha? Tangu Agosti 2024 sehemu zinazohesabiwa ni tatu, mbili za hoja na moja ya ufahamu. Huongezwa ya nne ambayo haihesabiwi, kwa sababu LSAC, chombo kinachotunga mtihani, huitumia kujaribia maswali mapya. Mtahiniwa haambiwi ni ipi. Kila sehemu ina dakika 35, na ya hoja huwa na maswali kama 25, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Insha huandikwa kivyake. Haina maksi, ila vyuo huiona.

Zamani kulikuwa na sehemu nyingine, ile ya mafumbo ya kupanga: watu saba, viti saba, fulani hakai karibu na fulani, nani yuko kiti cha tatu? Watu waliipenda au waliichukia, hapakuwa na katikati. Iliondolewa kwa sababu ya kesi. Angelo Binno, mtu asiyeona wa jimbo la Michigan, alidai kwamba mafumbo hayo karibu yanamlazimisha mtahiniwa kuchora michoro, jambo ambalo yeye hakuweza kulifanya kama wengine. Mwaka 2019 pande mbili zilifikia makubaliano, na LSAC ikaahidi kutafuta njia nyingine ya kupima fikra za mantiki. Miaka mitano baadaye mafumbo yakaondoka. Nalitaja hili kwa sababu mtandaoni hakuna kinachozeeka kwa siri kama ushauri. Ratiba ya kusoma iliyoandikwa mwaka 2021 na mtu mwema kabisa bado inazunguka, na theluthi ya saa zake imetengewa sehemu ambayo haipo tena. Ukikuta ushauri wowote wa LSAT, angalia kwanza tarehe yake.

Sasa, mbona haikaririki? Sisi tuliopita shule za kwetu tumezoea kubukua. Unapata madesa, unapiga msuli usiku, unaingia kwenye pepa na kumwaga ulichohifadhi. LSAT haina cha kumwaga. Fikiria kauli hii: hakuna anayepanda kivuko cha Kigamboni bila kulipa nauli. Ukimwona mtu yuko ndani ya kivuko, una haki ya kusema amelipa. Ukimwona mtu hajalipa, una haki ya kusema hatapanda. Lakini ukijua tu kwamba mtu amelipa, huwezi kusema amepanda. Labda kivuko kimejaa. Labda amelipa akakumbuka simu aliyoisahau nyumbani. Hapa kila mtu anaelewa. Ila ichukue kauli ileile, iwekee lugha ya vipimo vya udongo au hakimiliki za muziki, itie ukanusho mara mbili katikati, mpe mtu sekunde 80, uone watu wenye shahada wakiigeuza kichwa chini. Kanuni yenyewe inafundishika kwa dakika kumi. Kuitambua ikiwa imevaa nguo nyingine, hiyo inachukua miezi.

Ujuzi wa namna hiyo unakua kwa kutenda na kusahihishwa. Shida ya kusoma peke yako ni kwamba msahihishaji ni wewe mwenyewe, mtu yuleyule aliyekosea. Unachagua B, kitabu kinasema D, unasoma maelezo ya D, unatikisa kichwa, “aa, kumbe,” unaendelea. Kesho unachagua B tena. Ulielewa kwa nini D ni sahihi. Hukuwahi kuchimba ni kitu gani kichwani mwako kilikupeleka B. Mwenzako ndiye atakayekuuliza hilo, tena bila huruma, kwa sababu yeye naye alikwenda D na haelewi wewe uliona nini.

Kuna uchunguzi wa zamani unaonisaidia kulielewa jambo hili, ingawa ulihusu hisabati. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walikuwa wakianguka somo la kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walifanya vizuri. Watu walimpa majibu ya haraka: hawana ari, shule walizotoka ni dhaifu, wazazi hawajali. Treisman akaenda kuwatazama wakisoma. Akakuta wanafunzi Weusi wanafanya bidii kubwa, lakini kila mmoja peke yake chumbani, akitenganisha kabisa masomo na marafiki. Wale wa asili ya Kichina walikuwa wakifanya maswali kila mtu kivyake kwanza, halafu jioni wanakutana, wanalinganisha majibu, wanakosoana, wanaulizana maswali ya mitihani iliyopita, na katika mazungumzo hayohayo wanajuzana mambo ya chuo ambayo hakuna karatasi iliyoyaandika. Akaanzisha warsha zilizojengwa juu ya utaratibu huo, zenye maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo ya wanafunzi Weusi walioshiriki yakapanda sana.

Tazama mpangilio: kwanza peke yako, kisha pamoja. Vikundi vingi vya mtandaoni vinavyokufa baada ya wiki tatu vimeugeuza. Watu wanaingia kwenye simu ya pamoja jioni, wanafungua swali jipya, mmoja mwenye kasi anatoa jibu, wengine wanakubali. Saa mbili zimepita na aliyefikiri ni mmoja.

Kikundi kinachofaa huwa na kazi ya nyumbani. Kila mtu anafanya sehemu moja akijipima kwa saa, dakika 35 kamili. Akiwa anafanya, anatia alama maswali asiyo na uhakika nayo. Halafu, kabla ya kuangalia majibu, anayarudia maswali hayo bila saa, taratibu, akiandika kwa nini kila chaguo linafaa au halifai. Sasa ana alama mbili: ile ya saa na ile ya utulivu. Zikitofautiana sana, tatizo lake ni mwendo. Zikikaribiana na zote ziko chini, tatizo ni uelewa, na hakuna mbinu ya kukimbia itakayomwokoa. Hapo ndipo kikundi kinapokutana, na kinajadili yale tu ambayo watu bado hawajakubaliana. Yale mliyopata wote, achaneni nayo.

Mkutano wenyewe unaendaje? Nitatunga swali dogo. Tuseme hoja inasema: “Mwaka jana halmashauri iliweka taa katika barabara ya sokoni. Tangu wakati huo taarifa za wizi zinazofikishwa polisi kutoka eneo hilo zimeongezeka. Kwa hiyo taa hizo hazijapunguza wizi.” Unatakiwa uchague taarifa itakayoidhoofisha zaidi hoja hii. Mbili kati ya chaguzi zinagombewa. Ya kwanza: wizi mwingi wa eneo la soko hufanyika mchana. Ya pili: mwaka jana kituo kidogo cha polisi kilifunguliwa kando ya soko, na watu ambao zamani hawakuona haja ya kuripoti wakaanza kuripoti.

Mwenzako wa kwanza anashikilia ile ya mchana. Anasema taa ni za usiku, kwa hiyo si haki kuzilaumu kwa wizi wa mchana. Sauti yake ina uhakika na hoja yake inaingia akilini. Ukiwa peke yako ungemwamini, maana ni wewe uliyesema hivyo kichwani. Sasa mwingine anauliza: hitimisho la hoja ni lipi? Kwamba taa hazijapunguza wizi. Je, ukisema wizi mwingi ni wa mchana, hitimisho hilo linadhoofika au linapata nguvu? Kimya kidogo. Linapata nguvu: kama wezi wanakuja mchana, basi kweli taa haziwezi kuwa zimesaidia sana. Yule wa kwanza alikuwa anazitetea taa zisilaumiwe, wakati swali halikuuliza nani alaumiwe. Chaguo la pili ndilo linalogusa ufa wenyewe, kwa sababu hoja ilihama kimyakimya kutoka “taarifa za wizi” kwenda “wizi”, kana kwamba ni kitu kimoja. Taarifa zinaweza kupanda huku wizi ukishuka.

Angalia kilichotokea hapo. Aliyekosea hakuambiwa “jibu ni la pili, soma maelezo.” Aligundua tabia yake: anajibu swali la haki badala ya swali lililoulizwa. Akiikuta tabia hiyo mara ya pili na ya tatu, ataanza kuinusa mwenyewe akiwa kwenye mtihani. Na yule aliyemrekebisha amefaidika pengine zaidi, kwani ilibidi aseme kwa maneno jambo ambalo alilihisi tu. Mtu anayesema “ninajua ila siwezi kueleza” katika mtihani huu bado hajajua.

Watu watatu hadi watano wanatosha. Wakizidi, wawili watakuwa wasemaji na waliobaki wasikilizaji. Viwango vikitofautiana kidogo ni heri. Vikitofautiana mno, mmoja anageuka mwalimu wa bure na baada ya mwezi anachoka. Zamu ya kuongoza izunguke, na anayeongoza aeleze pia chaguo nne zisizo sahihi, siyo lile moja tu. Kikundi cha watu walioko Toronto, Dallas na Seattle kikubaliane mapema saa ya nani inafuatwa, maana mikutano mingi huvunjika kwa hilo kuliko kwa ugumu wa mantiki.

Kuna msaada wa aina nyingine ambao sitaki kuubeza: ule wa moyo. Kujiandaa huchukua miezi mitatu, sita, hata zaidi, mara nyingi baada ya zamu ya kazi. Kujua kwamba kuna mtu anakusubiri saa tatu usiku na ukikosa ataulizia, hilo peke yake linamfanya mtu afungue kompyuta siku ambayo asingeifungua. Lakini hapohapo kwenye moyo ndipo sumu inapoingilia.

Sumu kubwa ni alama za wengine. LSAT hupewa alama kuanzia 120 hadi 180, na mtahiniwa wa kawaida huangukia juu kidogo ya 150. Mwenye 170 yuko takriban katika asilimia tano ya juu. Vyuo kama Yale na Harvard, alama ya katikati ya wanafunzi wao wapya iko karibu 174. Sasa ingia katika kundi lolote kubwa la mtandaoni usome: mmoja ana 172 na analia, mwingine amepata 175 na anauliza kama arudie. Baada ya nusu saa, mwenye 158 anaamini hana akili. Anachosahau ni kwamba aliyepata 151 haandiki. Kundi linaonyesha wanaojitokeza, na wanaojitokeza si sampuli ya watahiniwa. Inachekesha kidogo, kwa sababu kuhitimisha mambo kutokana na sampuli yenye upendeleo ni mojawapo ya kasoro ambazo LSAT hupenda kuziuliza.

Jingine ambalo kundi halisemi ni kwamba alama yenyewe haina ncha kali hivyo. LSAC huambatanisha kila alama na wigo wa takriban alama tatu juu na tatu chini, kwa kukiri kwamba mtu yuleyule akifanya tena kesho anaweza kupata tofauti bila kuwa amebadilika. Kwa hiyo anayetoka 161 kwenda 159 katika pepa mbili za mazoezi hajaporomoka, na wa 159 kwenda 161 hajapaa. Tazama mwelekeo wa pepa nyingi. Na badala ya kujipima na watu usiowajua, fungua takwimu ambazo kila chuo kilichoidhinishwa na chama cha wanasheria cha Marekani, ABA, hulazimika kuzitoa kila mwaka: alama ya robo ya chini, ya katikati na ya robo ya juu ya waliodahiliwa. Hizo ndizo namba za kujilinganisha nazo, kwa sababu zinakuonyesha unavyosimama mbele ya chuo hicho katika udahili na, kwa kiasi kikubwa, ufadhili.

Hatari ya pili ni ya kisheria, na wageni wengi wa mambo haya huingia bila kujua. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya kutotoa siri ya maswali. Siku hizi LSAC huachia hadharani mitihani michache, na maswali mengi yaliyofanywa jana yanaweza kutumika tena. Ukitoka chumbani ukaandika kwa wenzako “kulikuwa na kifungu kuhusu nyuki, swali la tatu mlijibu nini?”, umevunja ahadi. LSAC huchunguza mambo hayo, na ikiona una kosa inaweza kuvijulisha vyuo vya sheria unavyoomba. Fikiria kuanza safari ya uwakili ukiwa na barua hiyo kwenye faili. Suala la wizi wa mitihani limewakaba kweli: mwaka 2025 walisimamisha mtihani wa mtandaoni China bara, na wakatangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 watahiniwa walio wengi watarudi kufanyia vituoni badala ya nyumbani. Kikundi chenye busara kina kanuni moja isiyojadiliwa: tunazungumzia pepa za mazoezi zilizotolewa rasmi tu. Anayeleta picha za maswali “yaliyovuja” atolewe usiku huohuo, hata kama ni rafiki.

Pepa hizo rasmi ziko kwenye LawHub, tovuti ya LSAC yenyewe. Ukijiandikisha bure unapata mitihani michache kamili; ukilipia mwaka unapata zaidi ya hamsini. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa ya kwanza ya mtahiniwa inapotakiwa kwenda, kabla ya kozi yoyote. Ada ya kufanya mtihani inazidi dola 200, na wenye kipato kidogo wanaokidhi masharti ya uraia au ukaazi wanaweza kuomba msamaha wa ada. Wengi hawaombi kwa kuona haya. Ombeni.

Kwa aliyeanza maisha kwa Kiswahili, Kilingala au Kifaransa kuna jambo la ziada. LSAT haitoi muda wa nyongeza kwa sababu ya lugha. Nyongeza ni kwa wenye ulemavu au hali za kiafya zilizothibitishwa. Kwa hiyo mtu anayesoma Kiingereza polepole anabeba mzigo wa kweli, na asidanganywe kwamba ni uvivu. Dawa haiko kwenye orodha za misamiati. Sehemu ya ufahamu ina vifungu vinne na maswali 27, yaani dakika tisa kasoro kwa kifungu, na vimeandikwa kwa mtindo wa majarida ya wasomi: sentensi ndefu, mwandishi anaonyesha shaka bila kusema ana shaka. Kinachosaidia ni kusoma maandishi ya aina hiyo kila siku, sayansi, sanaa, historia, na kumsimulia mwenzako kwa Kiswahili, bila kutazama, mwandishi alitaka nini na alikuwa anampinga nani. Hapa kikundi cha watu wa lugha moja kina faida isiyopatikana kwenye makundi makubwa. Ukiweza kuisimulia hoja ya Kiingereza kwa Kiswahili bila kupoteza kiungo, umeielewa. Ukikwama, mahali ulipokwama ndipo ulipokuwa unajidanganya.

Na hakikisheni hamwachi swali tupu. LSAT haikati maksi kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo dakika ya mwisho inapofika, yaliyobaki yapewe herufi yoyote. Kila mwaka kuna watu wanaoliacha hili kwa mazoea ya mitihani mingine.

Mtihani unaweza kurudiwa hadi mara tano ndani ya kipindi cha miaka mitano hivi, na mara saba katika maisha yote. Matokeo huchukua wiki tatu hivi. Katika wiki hizo kikundi hakina cha kujadili kuhusu mtihani, kwa masharti yale yale, na wengi hugeukia barua ya kujieleza ambayo vyuo huitaka. Huko kanuni inabadilika. Katika hoja, kadiri wenzako wanavyoingilia ndivyo unavyonoleka. Katika barua, wakiingilia mno chuo kitasoma sauti ya watu watano. Waulizeni wenzenu wapi wamechoka kusoma na wapi hawakuelewa, kisha kila mtu arudi akaandike mwenyewe.